Ng'eno Kabla ya Ngatia

Nimeacha kazi nikiwa na miaka ishirini na minane, kwa hivyo neno "kustaafu" si langu. Ni la Wafula, aliyekuwa mkubwa wangu kazini. Karakana yetu ya Nakuru ilipofungwa na mikataba ikaisha, alinitazama nikikunja nyaya na kuzitia kwenye sanduku, akasema, "Mtu akiondoka na bado anaulizwa maswali, huyo amestaafu. Akiondoka asiulizwe, huyo amefukuzwa." Tangu wakati huo ninyi wawili mliorithi mfumo wetu mmeniuliza maswali kumi na saba, na moja mmeliuliza mara tatu: kwa nini kwenye faili la kuwashia mfumo kuna mstari unaolazimisha mpangilio wa zamani wa herufi, na juu yake maneno "Usiguse kabla ya kuuliza kuhusu Ng'eno"?

Jibu fupi sina. Ningekuwa nalo ningeliandika palepale kwenye faili.

Nianze na siku ya kwanza, kwa sababu nilikosea tangu hapo. Niliambiwa mlango hufunguliwa saa tatu. Nilitembea kutoka mtaa wa Free Area nikifikiria njia zote za kuchelewa, nikafika saa moja na nusu, nikasimama mbele ya duka la vipuri lililokuwa chini yetu hadi mwenye duka akaniuliza kama nimetumwa nozeli. Wafula alikuja saa tatu kasorobo. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye shati lililopigwa pasi upande mmoja.

"Wewe ndio Ruth?"

"Ndiyo."

"Ruth nani?"

"Ng'endo."

"Na alama juu, ama bila?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilifikiri kwa muda mrefu kuliko inavyofaa mtu kufikiri kuhusu jina lake. Cheti changu cha sekondari hakina ile alama ya juu. Kitambulisho kinayo. Cheti cha chuo kikuu, ambacho mama alikitia fremu, kina alama ya kuuliza katikati ya jina, kwa sababu mashine fulani ilishindwa kuisoma. Nikajibu kwamba inategemea.

"Basi umeshaanza kazi," akasema, akafungua mlango.

Tulikuwa tukichukua kompyuta zilizochoka kutoka ofisi za Nairobi, kuzisafisha, kuzitia mfumo endeshi wetu tuliouita Bonde, na kuzipeleka kwenye shule, zahanati na vyama vya wakulima. Ninyi mnajua, lakini dada yangu naye atasoma hii, kwa hivyo nieleze: mfumo endeshi huja na programu ndogondogo, kila moja na kazi yake. Moja hupanga mistari. Moja huunganisha orodha mbili. Moja husema diski imebakiza nafasi kiasi gani. Hakuna anayezisifu. Ni kama vijiko vya nyumbani, hutajwa siku vikikosekana.

Kazi niliyopewa ilionekana safi. Mteja mmoja mkubwa alitaka cheti kwamba programu zetu zinafuata kiwango cha kimataifa. Kiwango ni kitabu kinene kinachosema kila programu inapaswa kufanya nini. Tatizo ni kwamba programu hizi ni za zamani kuliko kitabu. Zilikuwa na tabia zake kabla hakijaandikwa, na watu walishajenga juu ya tabia hizo. Kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa nakaa mbele ya programu moja na kujiuliza: ifanye kinachosemwa na kitabu, au ifanye ilichozoea?

Nilimwomba Wafula anipe kanuni. Alikunywa chai yake ya rangi, akafikiri. "Kitabu kina haki," akasema. "Lakini kitabu hakipigi simu."

Niliandika maneno hayo kwenye karatasi na kuyabandika ukutani. Baada ya wiki moja nikagundua sijui yanasema nifanye nini.

Mfano wa kwanza ulikuwa mdogo. Kiwango kinasema nafasi ya diski ihesabiwe kwa vipande vya nusu kilobaiti. Mazoea ni kilobaiti nzima. Nikafuata kitabu. Diski zikabaki vilevile, ila namba ikawa maradufu. Siku iliyofuata mwalimu mkuu wa shule moja ya Lanet akapiga simu kutushukuru. "Madam, Mungu awabariki kwa kutuongezea nafasi." Nilijaribu kumweleza. Alinikatiza akaendelea kushukuru. Kufikia Alhamisi alikuwa ameingiza video za siku nzima ya michezo, diski ikajaa, na alama za mtihani wa muhula zikakosa pa kuhifadhiwa. Walimu walizirudia kwa mkono.

Hapo ndipo Wafula aliponionyesha kifaa chake cha pekee cha kazi ambacho ningependa mkirithi. Kilikuwa daftari la shule la kurasa tisini na sita. Kila malalamiko yaliingia humo katika safu mbili. Safu ya kwanza: Nani aliumia? Safu ya pili: Nani alikuwa sahihi? Sharti lake lilikuwa moja, kwamba safu ya kwanza ijazwe kwanza. Niliandika "walimu, watoto darasa la saba na la nane" katika ya kwanza, na katika ya pili nikaandika kurasa nne. Wafula alizisoma zote, akapiga mstari, akaandika: "Kitabu."

"Kwa hivyo turudishe ya zamani?" nikauliza.

"Turudishe."

"Hata kama kitabu ndicho sahihi?"

"Sasa umeelewa shida," akasema, na akaenda kula.

Sikuwa nimeelewa. Nilikuwa nimechanganyikiwa zaidi, ila kwa mpangilio.

Mwaka wa pili nilifika kwenye programu ya kupanga mistari, ambayo jina lake ni sort. Nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu kila kitu kinatoka hapa. Sort ya zamani haijui herufi. Inajua namba. Kila herufi na kila alama ina namba yake ndani ya mashine, na ile alama ya juu kwenye ng' ina namba ndogo kuliko herufi zote. Kwa hiyo kwa mpangilio wa zamani Ng'eno anatangulia mbele ya Ngatia. Kiwango kinasema vingine: panga kama kamusi ya lugha ya watu. Kwa mpangilio tuliouchagua, alama inarukwa, Ng'eno anasomwa kama Ngeno, na e huja baada ya a. Ngatia anatangulia.

Ni nani sahihi? Nilifungua kamusi mbili za Kiswahili nione wameiweka ng' wapi. Zikanipa majibu mawili.

Kwenye faili la kuwashia mfumo nilikuta mstari unaolazimisha mpangilio wa zamani, na juu yake maneno "Usiguse – W." Wafula alikuwa Bungoma kumzika shangazi yake. Nilimpigia mara mbili, hakushika. Mara ya tatu nikaona ni utovu wa adabu kumsumbua aliyefiwa kwa ajili ya alama ya juu. Nilitafakari kwa siku tisa. Niliandika mambo kumi na manne yanayoweza kuharibika, nikayajaribu moja moja, yote yakawa salama. Nikaufuta mstari, nikapeleka sort mpya kwa wateja wote.

Jambo la kumi na tano lilikuwa programu ya jirani, inayoitwa join. Kazi yake ni kuchukua orodha mbili zilizokwisha kupangwa na kutoa majina yaliyo kwenye zote mbili. Join tuliyokuwa nayo Wafula aliitengeneza mwenyewe zamani, nayo ilijua mpangilio wa zamani tu. Nilikuwa nimeipangia mwezi uliofuata.

Juu ya Gilgil, upande wa vilima, kuna stoo ya mbegu za viazi, au waru kama tunavyosema. Wanachama wake wanalima vipande vilivyokatwa kutoka shamba moja la mzungu, Wakikuyu na Wakalenjin, boma kwa boma. Tangu ile miaka ya mapigano ambayo watu wa huko huitaja kwa kunyamaza, kila orodha pale husomwa kwa sauti, mbele ya wote. Wanachama wenyewe walipitisha kwamba jina lisilo kwenye karatasi ya kompyuta halipewi mbegu, hata likiwa la mwenyekiti. Walitaka kitu kisicho na kabila kiwapangie. Kompyuta hiyo ilikuwa yetu. Ilikuwa na daftari la wanachama, lililopangwa mara moja zamani na halijaguswa, na orodha ya maombi ya msimu, iliyopangwa upya kila msimu. Ilizikutanisha hizo mbili na kuchapisha karatasi.

Mtunza stoo aliitwa Muhia. Alinipigia Jumatatu saa tano.

"Madam, hii mashine yenu iko na shida gani na Wakalenjin?"

Nilicheka. Nilidhani ni mzaha. Bado nakisikia kicheko hicho nikiosha vyombo.

"Usicheke, madam. Nimesoma Ng'ang'a. Akabeba mbegu yake. Nikasoma Ngatia. Mzee Ng'eno akasimama. Miaka yote yeye husomwa baada ya Ng'ang'a. Akaniambia, Muhia, umeniruka. Nikaangalia karatasi. Hayuko. Ng'etich hayuko. Ng'ok hayuko. Hao wote watatu ni Wakalenjin. Ng'ang'a, Mkikuyu kama mimi, yuko."

"Ukawaambia nini?"

"Ningewaambia nini? Nikasema ni mashine. Kijana mmoja huko nyuma akasema mashine haijui kabila, ni mwenye kuifinya ndiye anajua. Na mwenye kuifinya ni mimi."

"Na Mzee Ng'eno?"

"Alisema, 'Kumbe ulikuwa unangoja.' Hivyo tu. Akaenda."

Nilihitaji kuambiwa uzito wa maneno hayo, na Muhia akaniambia. Shamba lake na la Ng'eno yamegawanywa na ua mmoja. Wakati ule mbaya, Muhia alipokimbia na watoto, Ng'eno aliwaingiza ng'ombe wa Muhia bomani mwake na kusema mbele ya waliokuja kuwatafuta kwamba ni wake. Aliwarudisha wote, na ndama mmoja aliyezaliwa katikati. Miaka yote tangu hapo hakuna aliyekuwa na deni la maneno kwa mwenzake. Sasa mzee alikuwa ameyasema matatu, mbele ya watu, kana kwamba Muhia alikuwa akingoja tu siku ya kumgeuka.

Mwenyekiti, mama mmoja aliyeitwa Tabitha, alisimamisha ugawaji papo hapo na kuchukua funguo. Wanachama wangekutana Ijumaa kuamua.

"Stoo waichukue," Muhia akasema. "Nimechoka nayo hata. Lakini mimi naishi pale, madam. Nikitoka kwa hiyo mkutano nikiwa mwizi wa mbegu ya Ng'eno, nitaishi na nani?"

Nilipata kosa Jumanne mchana. Sitasema nilifurahi. Nilijaribu majina matatu, yakapotea. Nikarudisha mstari wa zamani, yakarudi. Sort mpya ilikuwa imetii kitabu. Join ya zamani ilikuwa imetii mazoea. Kila moja peke yake haikuwa na dosari. Zilipopewa kazi moja, watu watatu wakaanguka katikati yao.

Wafula alirudi Jumatano. Nilimweleza nikiwa nimesimama.

"Join ni yangu," akasema.

"Sort ni yangu."

"Na ule mstari niliandika usiguse bila kusema kwa nini. Hiyo pia ni yangu." Akafungua daftari. Katika safu ya kwanza akaandika Muhia, kisha Ng'eno, Ng'etich, Ng'ok. Katika safu ya pili akaandika "wote", akalifuta, akaliandika tena.

Kisha akaniambia jambo ambalo sijui kama lilikuwa la busara au la woga. Kile cheti alichotaka yule mteja mkubwa kilikuwa bado hakijatolewa. Wanaokitoa wakisikia mfanyakazi mmoja alifuta mstari bila idhini na stoo nzima ikasimama, cheti hakingekuja, na mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi huo. "Ukifika pale, sema mfumo ulibadilika. Si uongo. Ulibadilika kweli."

Nilikaa siku mbili na kitenzi kimoja. Ulibadilika. Ulibadilishwa. Tuliubadilisha. Niliubadilisha. Kiswahili kina vyumba vingi vya kujificha ndani ya neno moja, na nilikaa katika kila kimoja nikaona ninavyoonekana kutoka nje.

Ijumaa asubuhi tuliurudisha mstari wa zamani kwenye mashine zote, Wafula akaongeza maneno mnayoyaona juu yake, nami nikapanda kwenda Gilgil.

Stoo ilikuwa imejaa. Magunia ya mbegu yaliyobaki yalikuwa yamepangwa ukutani, kila moja na jina kwa chaki. Muhia alikaa upande mmoja peke yake kama mtu anayesubiri daktari. Mama Tabitha akaniita mbele, nikaanza kueleza kuhusu namba za herufi na mpangilio wa lugha. Nilisema labda dakika tano.

"Madam," mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasema, "ongea kama mtu."

Watu wakacheka. Nikasema kwamba ile alama ya juu kwenye ng' ndiyo iliyoleta shida.

"Na wewe waitwa nani?" akauliza yule mama.

"Ruth Ng'endo."

"Hiyo ng' ni kama ya Ng'eno?"

"Ni ileile."

"Na wewe si Mkalenjin."

"Hapana."

"Basi jiingize kwa mashine. Kama inameza ng', ikumeze na wewe."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Kati ya yote niliyokuwa nimeyatafakari kwa siku tatu, hilo halikuwamo. Nikaanza kuhesabu kichwani: e baada ya a, kwa hivyo Ng'endo angefuata Ngatia, kwa hivyo ningepotea. Lakini kama nimekosea na jina langu likabaki, Muhia ameisha. Nikairudisha sort mpya kwa muda, nikajiandika kwenye daftari la wanachama na kwenye maombi, nikachapisha. Mama Tabitha akasoma karatasi kwa sauti kutoka Ng'ang'a hadi Ngugi.

Sikuwemo.

"Karibu kwetu, Ng'endo!" Ng'ok akaita kutoka nyuma, na stoo ikacheka kwa mara ya kwanza. Lakini yule kijana wa Jumatatu hakucheka.

"Sawa. Na Ng'ang'a? Yeye pia ako na ng', tena mbili. Mbona yeye hakumezwa?"

Kicheko kikakatika. Hilo ndilo swali nililoliogopa. Niliwaomba wasimame. Niliwapanga watu wanne mlangoni kwa mpangilio wa zamani, ule wa daftari la wanachama: Ng'ang'a, Ng'eno, Ngatia, Ngugi. Ng'ang'a alikuwa ameshabeba gunia lake, kwa hivyo tukaandika jina lake kwenye gunia tupu. Mbele yao tukapanga magunia kwa mpangilio mpya: Ng'ang'a, Ngatia, Ng'eno, Ngugi. Nikasema mimi ndiye join. Mimi ni mtu wa zamani. Naangalia mtu wa kwanza na gunia la kwanza tu, siangalii nyuma.

"Ng'ang'a, gunia la Ng'ang'a. Beba."

Akabeba gunia tupu kwa madaha, watu wakampigia makofi.

"Ng'eno. Gunia lililo mbele yangu ni la Ngatia. Mimi najua Ng'eno hutangulia Ngatia. Nikiona la Ngatia limeshafika, naamini la Ng'eno halikuletwa. Mzee, nenda nyumbani."

Mzee Ng'eno hakwenda. Alikuwa mrefu, mwembamba, na koti lililokuwa la suti. Aliangalia gunia la Ngatia, kisha akainamisha kichwa kidogo kuangalia nyuma yake.

"Langu ni hili," akasema.

"Ndiyo."

"Lilikuwa hapa. Hatua moja."

"Ndiyo, mzee. Ng'ang'a aliponea kwa sababu kwa mpangilio wowote yeye ni wa kwanza kati ya hawa. Ni herufi tu."

Alinitazama. "Na huu mfumo. Jumatatu hiyo ulibadilika wenyewe?"

Alitumia neno lilelile. Kwa nukta moja niliona mlango ulivyo wazi; ningesema ndiyo, na kila mtu angerudi nyumbani.

"Niliubadilisha mimi," nikasema. "Kulikuwa na maneno yanayosema usiguse, nikagusa. Muhia alisoma nilichomwandikia."

Cheti hakikuja. Mkataba wangu uliongezwa kwa sababu Wafula aliusimamia, lakini yule mteja aliondoka, na miaka miwili baadaye karakana ikafungwa. Wafula anasema mambo hayo hayahusiani. Nimehesabu njia sita ambazo yanahusiana.

Mama Tabitha aliweka funguo mezani. Hakuna aliyepiga kura. Muhia aliamka, akaja hadi mezani, lakini hakuzigusa.

"Mzee," akasema, "ulisema hapa. Mbele ya hawa."

Ng'eno akavua kofia.

"Hukuwa unangoja," akasema.

Muhia akachukua funguo. Nilikuwa nimesharudisha mpangilio wa zamani na kuchapisha karatasi upya. Akaishika, akaitazama, akatazama magunia niliyokuwa nimeyavuruga sakafuni, akanigeukia.

"Nisome vipi, madam? Ng'eno kwanza, kama zamani? Ama Ngatia kwanza, kama kitabu?"

Alikuwa anauliza kwa dhati. Watu wote wakaningoja. Nilikuwa nimesoma kitabu chote, nilikuwa na kamusi mbili, na sikuwa na jibu hata moja ambalo ningeweza kulisema nikiwatazama Ng'eno na Ngatia. Jumatatu, kwa kosa langu, Ngatia alikuwa ameitwa kabla ya Ng'eno kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya uanachama. Alikuwa mtu mfupi mwenye kofia ya sufu, na tangu asubuhi alikuwa amesimama na mkono juu ya gunia lake.

Akauondoa mkono.

"Soma Ng'eno," akasema. "Mimi nimezoea."

Sikujua, na sijui hadi leo, kama alikuwa anaachia haki yake au anatukumbusha tu mahali tulipomweka. Nilitaka kumuuliza. Lakini Muhia alikuwa ameshasoma jina, kwa sauti ya kufika barabarani, na Mzee Ng'eno alikuwa ameinama na kushika pembe mbili za gunia. Pembe nyingine mbili zilihitaji mtu. Muhia akatia funguo mfukoni, akazishika pembe hizo.